Shingo ya Baba Hilda

Hebu nikuulize: umewahi kumwona mgonjwa anayekwenda kutibiwa huku anamwomba Mungu asipone? Mimi nimemwona. Alikuwa anakaa kwenye kigoda changu hapa uani, uso kaelekeza kwa kuku wangu, shingo kainamisha, ananiambia, "Taratibu, Mama Margwe. Usikaze sana."

Jina lake la ubatizo Agustino, lakini hapa Tumati wote tulimwita Baba Hilda, kwa mtoto wake wa kwanza, kama mimi nilivyoitwa Mama Margwe mpaka jina langu nikabaki kulisikia kwa paroko peke yake. Mke wake alikuwa mwenzangu wa kupalilia vitunguu saumu. Mungu alimchukua. Wangu alikuwa ameshatangulia. Basi yeye akawa mgane ng'ambo ile ya korongo, na mimi mjane ng'ambo hii, na asubuhi ukungu ukiinuka kila mmoja aliuona moshi wa mwenzake, akajua ameamka salama.

Sasa uelewe jambo moja la kwetu, maana bila hilo utatuona wote wajinga. Mwanaume haingii uani kwa mjane hivihivi. Lazima awe amefuata kitu. Amefuata shoka, amefuata mbegu, ametumwa na jumuiya. Akibisha hodi, kabla hata ya kigoda, anaulizwa: "Umefuata nini?" Si ukali, ni desturi, na jirani walio nyuma ya ua wa minyaa wanategea masikio wasikie jibu. Asipokuwa na jibu, jibu watalitunga wao.

Baba Hilda alifuata shoka mpaka nikajua kwake yamejaa mashoka. Akafuata chekecheo, mwanaume asiyechekecha unga. Mara moja alikuja kuuliza kama nimemwona ndama wake aliyepotea, na ndama mwenyewe amesimama nyuma yake, amemfuata njia nzima kutoka nyumbani.

Kila mtu alijua anachotaka. Alitaka kunioa. Mimi nilijua, Hilda alijua, nadhani na yule ndama alijua. Kilichokuwa hakijui ni mdomo wake. Alikuwa mtu wa kuongea na ng'ombe vizuri sana, lakini mbele ya watu maneno yalimkwama kama gari la mizigo kwenye tope la Machi. Na mimi jibu langu nilikuwa nalo tayari, limekaa ndani kama mbegu kwenye kibuyu. Lakini mwanamke wa umri wangu hajiposi. Ningejiposa, Hilaria angesikia kabla yake.

Hilaria ndiye jirani yangu wa nyuma ya ule ua. Nampenda, usinielewe vibaya. Akipika makande ananiletea. Ila sikio lake halina mlango.

Ni wakati ule tulipolala tukiwa watu wa mkoa wa Arusha, tukaamka watu wa mkoa wa Manyara, na hakuna aliyehamisha hata sufuria. Soko lilikuwa limeachiwa huru. Dawa ya josho la kuogeshea ng'ombe, ambayo zamani ililetwa na serikali, sasa kila mfugaji ajinunulie mwenyewe, kwa hiyo josho la kijiji likakauka, watoto wakawa wanachezea mpira mle ndani. Badala yake yakaja makoti. Mnada wa Katesh ulijaa makoti ya mitumba, mazito, ya nchi za barafu, na wanaume wa huku juu kwenye baridi wakavaa wakawa kama wachungaji wa ng'ombe wa Ulaya. Baba Hilda alinunua la kijivu, kola yake ngumu kama kwato. Hakulivua. Alipalilia nalo, akakamua nalo, Jumapili akapokea nalo sakramenti.

Siku aliyokuja na jambo lenyewe alibisha hodi kwa sauti mpya, sauti ya mtu mwenye haki.

"Karibu, Baba Hilda. Umefuata nini?"

"Nimefuata dawa," akasema, na akasema kwa nguvu, minyaa isikie. "Nina kitu shingoni."

Akavua lile koti. Pale kola ilipokuwa inasugua kulikuwa na kinyama kinaning'inia, laini, rangi ya ngozi yake, kama chuchu ya mbuzi mchanga. Na vidogo vingine pembeni yake, vinachungulia. Si jipu, si kidonda, hakiumi. Mimi mwenyewe ninacho kimoja kwapani tangu mimba ya Margwe, tumezeeka pamoja, wala hatujawahi kugombana.

"Nasikia unajua kufunga," akasema.

Nilijua kufunga. Bibi yangu alifunga, mama yangu alifunga. Unachukua unywele wa mkia wa ng'ombe, mrefu, unauchemsha kwenye maji ya chumvi, unauzungusha pale kinyama kinapoungana na ngozi, unakaza mpaka mwenye shingo avute pumzi kwa meno. Baada ya siku chache unakaza tena. Damu haipiti, kinyama kinakuwa cheusi kama punje ya mtama iliyoangukia masizi, halafu kinadondoka chenyewe, hujui hata kilidondokea wapi. Nakueleza ujue tulivyokuwa tunafanya, sikufundishi. Subiri umsikie nesi.

"Unywele ulete wewe, wa ng'ombe wako," nikamwambia.

Akatia mkono mfukoni akautoa. Alikuwa amekuja nao. Ameuzungusha kwenye kijiti vizuri, kama uzi wa fundi cherehani.

Nikafunga. Akanywa chai. Akaniambia habari za ng'ombe wake wote, mmoja mmoja, na tabia zao. Akaondoka jua limeinama, na Hilaria akamuuliza kutoka kwake, "Baba Hilda, umepona?" Akajibu kwa furaha ambayo sijaiona kwa mtu mzima, "Bado sana!"

Aliporudi nikakuta fundo limelegea. Nikashangaa. Nimefunga mizigo ya kuni maisha yangu yote, nimefunga ndama wakorofi. Fundo langu halilegei. Nikakaza. Akirudi, limelegea tena.

"Baba Hilda, unalalia upande gani?"

"Wa kulia."

"Na kinyama kiko kushoto. Sasa ni nani anayeligusa fundo langu?"

Akatazama kuku. "Labda ni koti," akasema.

Sikumuuliza tena. Nami, nikuambie ukweli, siku hiyo sikukaza mpaka avute pumzi. Nilikaza mpaka aliposema "mm" tu. Basi tukaendelea hivyo: mimi nakaza kidogo, yeye akifika kwake analegeza kidogo, na kinyama katikati yetu kinanenepa kama mtoto anayenyonyeshwa na mama wawili. Siku moja nilifunga na vile vidogo, ili kazi isiishe haraka. Shingo ikawa na nywele za ng'ombe kila upande, mikia mikia, upepo ukivuma zinacheza.

Hilaria ndiye aliyeanza kueleza chanzo. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake amtunzie mmoja. Maziwa ni ya mtunzaji, ndama ni wa mwenye mali. Hilaria akasema kisimani kwamba mtu akificha ndama wa mwenzake, anaota chuchu. Neno likatembea. Wengine wakasema ni husuda, wengine wakasema amekula nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Vijana wakawa wanamsalimia, "Shikamoo, Baba Hilda," na akishaitikia "Marahaba," wanaongeza, "shingo leo imekamuliwa?"

Hilo la ndama lilimuuma. Hajawahi kuficha hata kamba ya mtu. Wiki ya mnada akaenda Katesh, akarudi na kachupa. Huko kulikuwa na muuzaji anapiga kelele kwenye kipaza sauti juu ya gari, anauza dawa moja ya vinyama, minyoo, nguvu za kiume na kukuza biashara.

Akaniwekea kachupa mkononi. "Anasema unapaka mara moja tu, vyote vinaanguka." Akanyoosha kola. "Unaonaje? Tupake?"

Aliuliza hivyo, lakini macho yake yalikuwa ya mtu anayesubiri hukumu. Nikafungua, nikanusa. Ilinuka kama maji ya betri. Nikaenda kwenye kile kisiki kilichonishinda kung'oa, nikamwagia kidogo. Siafu wote waliokuwa wanaishi pale walihama bila kuaga.

"Tusipake," nikasema.

"Nilidhani hivyo," akasema, na akashusha pumzi mpaka kola ya koti ikashuka. "Basi tuendelee na nywele. Haraka haina baraka."

Tungeendelea hivyo mpaka leo kama si nesi.

Nesi wetu wa zahanati aliitwa Mectilda, mtoto wa mbali, amepangiwa huku na serikali, msichana mchangamfu anayetembea kama anakimbizwa. Hilaria alimleta kwangu. Alisema amemleta anisalimie. Ilikuwa siku ya Baba Hilda, na Hilaria alijua siku za Baba Hilda kuliko mimi.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, babu."

Tukaitikia. Akaiona shingo. Akaweka mkoba chini.

"Babu! Hii ni shingo au ni ukumbi wa harusi? Mapambo yote haya ya nini?"

Hilaria akacheka mpaka akakaa kwenye kinu.

Mectilda hakucheka sana. Alivaa mipira ya mkono, akaangalia kimoja kimoja, akasoma shingo ile kama kitabu. Akasema hivi ni vinyama vya ngozi tu. Si laana, si saratani, haviambukizi, na havijui habari za ndama wa mtu yeyote. Hapo alimtazama Hilaria, maana habari zilikuwa zimefika hadi zahanati. Vinakuja pale ngozi inaposuguana, shingoni, kwapani, kwenye mapaja. Umri unachangia, unene unachangia, wajawazito wanavipata, na ukoo mwingine wanarithishana. "Na hili koti, babu. Limetoka nchi gani? Linakusugua kutwa nzima. Vaa kitambaa laini ndani, au uliache." Akasema pia watu wenye ugonjwa wa sukari huwa navyo vingi, kwa hiyo akienda hospitali apime, ajue.

Kisha akanigeukia mimi, kwa heshima lakini kwa nguvu. "Bibi, kufunga kunaangusha kweli, sikatai. Lakini kinyama kikioza hapo, na uchafu ukaingia, shingo nzima inavimba. Na si kila kinachoota ni hiki. Kingine ukikifunga unakichokoza. Kama hakimsumbui mtu, kiachwe kiishi. Kama kinamsumbua, aje kwangu. Nina ganzi, nina mkasi safi. Ni kazi ya muda mfupi tu."

"Muda mfupi," Baba Hilda akarudia.

"Kesho asubuhi babu uje. Ukitoka hapo huna hata kimoja."

Ungemwona uso. Kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake wote wamekufa na yeye mwenyewe amshukuru aliyeleta habari.

Ningesema nini? Alichosema yule binti kilikuwa kweli tupu. Pale nilipofunga kile kikubwa, kuvuta na kulegeza kulikuwa kumeshafanya ngozi iwe nyekundu, na mimi nilikuwa nimeiona nikanyamaza. Nikasema, "Nenda, Baba Hilda. Nesi anajua." Akaniangalia muda mrefu, akinipa nafasi niseme lingine. Na mimi nikamwangalia, nikimpa nafasi hiyohiyo. Hilaria alikuwa anatuangalia wote wawili, amesahau kufunga mdomo.

Akaenda. Nasikia hakuvuta pumzi kwa meno hata mara moja. Alirudi kunionyesha, shingo nyeupe kwa plasta, koti kaliacha nyumbani. Alisimama nje ya ua.

"Hodi."

"Karibu. Umefuata nini?"

Akafungua mdomo. Nikaona kabisa neno linapanda, linafika kooni, linageuka. "Nimekuja kushukuru," akasema.

"Asante."

"Haya."

"Haya."

Akaondoka. Kwa kushukuru mtu haketi.

Vidonda vikapona, plasta zikatoka, na Baba Hilda akawa na shingo nzuri kuliko wanaume wote wa rika lake, na hakuna pa kuipeleka. Asubuhi niliuona moshi wake. Jumapili alinisalimia nje ya kanisa, akasimama kidogo, akakohoa, akaenda. Mashoka yote alikuwa nayo. Chekecheo alikuwa nalo. Sayansi ilikuwa imemponya, hana la kufanya.

Hilaria mwenyewe akaanza kujuta. Aliniletea makande siku ambayo si ya makande. "Mama Margwe," akasema, "mbona kumekuwa kimya hivi? Hata mimi sina cha kusikiliza."

"Si ulitaka apone?"

"Nilitaka apone, sikutaka aache kuugua!"

Halafu nikasikia ameshuka Getanuwas. Alikuwa na rafiki yake huko, mfugaji anaitwa Gidahosh, na wamekubaliana amchukue mtamba mmoja wa kutunza. Kule chini joto, majani marefu, na kama nilivyokuambia, majosho yamekauka huku na huko. Alilala kwenye boma la Gidahosh katikati ya ng'ombe, akapanda na mtamba wake taratibu.

Nilikuwa nachambua maharage nikasikia hodi. Sauti ileile, ya mtu mwenye haki.

"Karibu, Baba Hilda! Umefuata nini?"

"Kimerudi!" akasema. Alikuwa anatabasamu meno yote. "Mama Margwe, kimerudi. Nilimwambia yule nesi, hivi vitu havikatwi. Kimeota kingine, tena kikubwa."

Na mkono ulishaingia mfukoni. Alikuwa na unywele, kwenye kijiti, umezungushwa vizuri.

Upande wa pili wa minyaa nikasikia kigoda kinavutwa. Hilaria amekaa.

Baba Hilda akakaa kwenye kigoda changu, akaelekeza uso kwa kuku, akainamisha shingo. Nyuma ya sikio, mahali pasipo na kola wala kitu cha kusugua, kulikuwa na kitu kimevimba, kijivu, kinang'aa, kimejaa kama punje ya haragwe. Nikainama. Nikakiangalia vizuri, maana macho yangu yanataka mtu avumilie. Nikakigusa kwa kucha.

Kikasogeza miguu.

Sikucheka. Najisifu kwa hilo mpaka leo. Nilikibana karibu na ngozi, nikakivuta polepole bila kukikamua, kikatoka kizima. Nikakiweka kwenye kiganja changu, nikakileta mbele ya macho yake.

"Baba Hilda, kinyama chako kina miguu."

Akakitazama. Kuku nao wakakitazama.

"Hiki ukikikuta kwa ng'ombe wako unakiitaje?"

"Kupe," akasema kwa sauti ndogo.

"Umefuga tangu hujaota ndevu. Kwa ng'ombe unakijua. Kwako hukukijua?"

Unywele wa ng'ombe ulikuwa bado mkononi, anauzungusha na kuufungua kwenye kijiti chake. Shingo yake safi ilikuwa imeanza kutoka jasho, na hakukuwa na joto.

"Nilikijua," akasema. "Nilikijua tangu Getanuwas. Gidahosh alitaka kukitoa, nikamkataza."

"Umetembea nacho njia yote hiyo?"

"Nilimwomba Mungu akigeuze kiwe kinyama." Akafikiri. "Najua ni mambo mengi ya kumwomba."

Basi nikakaa. Nilikaa kwenye ungo wa maharage, ndipo nilipokaa, na sikuinuka. Kupe nikamtupia jogoo. Nikasubiri. Nimesubiri mvua, nimesubiri watoto kutembea, nimesubiri barua za Margwe kutoka Babati. Kusubiri ndiyo kazi niliyoisomea. Lakini siku hiyo nilisubiri mpaka nikaona kama moyo wangu unasikika ng'ambo ya korongo, maana nilijua asiposema leo hatasema tena. Kupe wameshaisha, vinyama vimeshaisha. Baada ya hapo ingebaki kufa tu, na huko nako watu wangeuliza kila mmoja amefuata nini kwenye msiba wa mwenzake.

Hilaria akashindwa kuvumilia. Akapaza sauti juu ya minyaa, "Baba Hilda, baba yangu! Shingo imepona, kupe ametolewa! Sasa hapo bado umefuata nini?"

Akainuka. Nikadhani anaondoka. Akavunja kile kijiti katikati, unywele ukadondoka, upepo ukauchukua kwenye maharage yangu. Hakumtazama Hilaria. Alinitazama mimi, akaniita jina langu, ambalo sikujua kama analijua.

"Zita," akasema, kwa sauti ambayo na Hilaria aliisikia bila kutega sikio. "Nimechoka kufuata vitu. Nataka niwe naingia hapa bila kufuata chochote, na jioni nisitoke."